Ndege ya Saa Saba na Nusu

Wakala alibisha hodi mara moja tu, kisha akatamani asiitikiwe.

"Karibu!" Sauti ya kaka mtu ilitoka ndani kabla hajashusha mkono. "Karibu, Wakala! Leo ndiyo leo. Ingia utukabidhi mzigo wetu."

Akaingia. Viti vya sebuleni vilikuwa vimesogezwa ukutani, na katikati ya zulia sanduku jipya la safari lilisimama wima kama mgeni ambaye hajaambiwa aketi. Mama yake kaka mtu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kitabu cha sala magotini, kidole kimoja kikishika ukurasa. Wifi, mke wa kaka mtu, alikuwa anapiga pasi. Na Fundi mwenyewe, dada mdogo wa kaka mtu, yule ambaye kesho angesafiri, alikuwa amewapa mgongo wote, anakaza kifungo cha koti ambacho hakikuwa kimelegea.

Hakugeuka. Wakala aliiona shingo yake tu, na tepu ya kupimia iliyoning'inia begani, ileile aliyokuja nayo ofisini kwake siku ya kwanza kupima madirisha. Alikuwa fundi wa mapazia. Siku hiyo alipima dirisha moja mara tatu, na Wakala akamwuliza kama dirisha linaongezeka. Fundi akajibu, "Haliongezeki, ila mwenye ofisi ananichanganya." Hapo ndipo yalipoanzia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Kazi, Mama."

"Si kazi," alisema Mama, akarudisha macho kitabuni.

Kaka mtu alicheka kwa kifua kizima. Watu walimwita Spea, kwa kuwa aliuza vipuri vya magari, na kwake kila kitu duniani kilikuwa na kipuri chake, hata mchumba. Miezi kadhaa nyuma Wakala alikuja hapa na mjomba wake, wamevaa wakapendeza, kuposa. Spea akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tutafikiri." Fikra zilipotoka, zilitoka zimevaa koti la safari. Rafiki wa zamani wa Spea, Mhandisi aliyehamia ng'ambo, alikuwa amemwona Fundi kwenye picha za harusi. Akaomba Fundi aende kwake kwa viza ya matembezi, miezi mitatu, wazoeane, na ndoa ifungwe hukohuko. Nauli angelipa yeye. Na katika ofisi zote za tiketi mjini, Spea alichagua ile anayofanya kazi Wakala.

"Nataka uikate kwa mkono wako," alimwambia siku hiyo akitabasamu. "Ukiikata wewe mwenyewe, hutaota tena."

Na Wakala akaikata. Bosi wake alimpa kazi, hakumwuliza hali ya moyo.

"Nimeleta tiketi, bima ya safari na barua ya mwaliko," alisema sasa, akitoa bahasha. "Na kama ulivyoomba, kaka, nitampitisha kwenye maswali ya uhamiaji ili asije akababaika. Ila kumbuka, kufuta au kubadili chochote, mwisho ni leo jioni saa kumi na mbili. Ikishapita hapo, basi tena."

"Nani abadili? Hapa habadiliki mtu." Spea aliipokea bahasha, akaipigapiga kiganjani, akaitia mfukoni mwa shati bila kuifungua.

"Hutaisoma?"

"Nisome nini? Mhandisi alipoipata kwenye simu yake alinisomea yote. Kesho Alhamisi, ndege saa saba na nusu. Gari linakuja saa nne asubuhi, tunakula kidogo, tunafika kiwanjani saa tano na ushee. Ndugu wote nimewaambia. Shangazi yetu anakuja na wajukuu kupunga mikono."

Wakala aliitazama bahasha mfukoni mwa Spea.

Tiketi ile aliijua kama anavyojua uso wake kwenye kioo. Ilikuwa imeandikwa saba na thelathini, kwa saa za ndege. Kwa mtu yeyote wa nyumba hii, hiyo ni saa moja na nusu asubuhi, jua ndiyo kwanza linapanda. Mhandisi alikuwa amekaa ng'ambo mpaka saa za kwao zimemtoka kichwani. Ameona saba, akasema saba. Na hapo saa nne, gari likipiga honi mlangoni, ndege itakuwa imekwisha kuzama mawinguni kitambo.

Akafungua mdomo. Kisha, Mungu amrehemu, akaufunga.

Kwani amedanganya? Tiketi ameikabidhi, iko mfukoni mwa mwenyewe. Ameuliza kama hataisoma, akajibiwa. Hakuna hakimu duniani angemtia hatiani. Kukaa kimya tu, basi, na kesho Fundi atakuwa hapahapa, na viza ile muda wake wa kuingia unakaribia kuisha, na kuomba nyingine ni kuanza upya. Katika kuanza upya mengi hutokea. Sauti hiyo ilimwingia tamu kama asali, na mtu aliyezoea kusali huijua sauti tamu namna hiyo inatoka wapi.

Alipoinua macho, Mama alikuwa anamtazama juu ya miwani.

"Haya, tuanze maswali!" alisema Spea. "Mdogo wangu, acha hilo koti. Njoo uketi hapa, sanduku ndilo dirisha la uhamiaji. Wakala, wewe ndiye ofisa. Kuwa mkali."

"Na mimi ni foleni," alisema Wifi, akaiacha pasi juu ya gauni mezani, akasimama nyuma ya Fundi. "Tena foleni yenye haraka, nimeacha kitu jikoni."

Fundi akaketi, koti na sindano bado mkononi. Walitazamana juu ya sanduku, na mara moja kila mmoja akatazama pembeni, kama watu waliogusa sufuria ya moto.

"Unakwenda kufanya nini nchini kwetu?" aliuliza Wakala.

"Matembezi."

"Matembezi ya kuona nini?"

"Miji. Majengo." Akalitazama dirisha nyuma ya Mama. "Madirisha."

Wifi akaguna kwa kicheko. Wakala hakucheka.

"Utafikia kwa nani?"

"Kwa rafiki wa kaka."

"Sema rafiki wa familia," alidakia Spea. "Usimweleze zaidi. Ofisa ukimpa uzi anataka na sindano."

"Rafiki wa familia."

"Unakusudia kuolewa huko?"

Pasi ilitoa mvuke. Fundi alimtazama kaka yake.

"Kwani hilo nalo wanauliza?" Spea alikunja uso.

"Wanauliza, kaka. Viza ya matembezi ni ya kutembea, siyo ya kuolewa wala ya kufanya kazi. Wakihisi mtu anakuja kuhamia, wanamgeuza na ndege ileile."

"Basi atasema hapana."

"Aseme uongo?" Lilikuwa neno la kwanza la Mama tangu waanze.

"Si uongo, Mama. Ni kupunguza maneno."

"Njia ya mwongo ni fupi, baba. Hata kwa ndege."

Spea alijifanya hakusikia. Wakala akaendelea.

"Utarudi lini?"

"Tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi ya kurudi."

"Na hiyo ya kurudi msiitilie maanani," alisema Spea. "Ni pambo. Kama vile vifungo vya mkono wa koti, vipo lakini havifungi kitu. Bila hiyo hawamruhusu kupanda, basi tumeiweka. Akifika huko itafutwa."

Fundi alikuwa amekishika kifungo cha mkono wa koti lake bila kujijua. Akakiachia.

"Swali la mwisho," alisema Wakala, na sauti yake ikashuka pasipo ruhusa yake. "Hili wanaliuliza wote. Wanataka kujua kama una kamba iliyofungwa nyumbani. Kitu gani kitakurudisha?"

Hapo ndipo Fundi alipoyainua macho yake yote mawili, akayaacha juu yake.

"Ni lazima nijibu?"

"Ni lazima."

"Kazi yangu. Nina mapazia ya watu sijayamaliza."

"Mapazia atayamaliza fundi mwingine."

"Mama yangu."

"Mama ana kaka yako. Na tena?"

Midomo yake ilifunguka. Akaifunga, akashika kifungo tena. Nje baiskeli ilipita ikipiga kengele, na ndani harufu ya kuungua ikapanda puani.

"Gauni!" Wifi alipiga kelele akirukia meza. "Jamani gauni la watu!"

"Inatosha!" Spea alisimama. "Kazi na mama, inatosha. Wakala, ahsante, kazi yako imeisha. Uende salama."

Wakala alisimama. Akamuaga Mama. Akatembea mpaka mlangoni, akashika kitasa, na kitasa kikawa kizito kama jiwe la kusagia. Akakumbuka kwamba tiketi hii aliaminiwa nayo. Na Spea, pamoja na kejeli zake zote, alimwamini kwa namna ambayo mtu humwamini adui mwaminifu.

"Kaka," alisema bila kugeuka. "Ndege si saa saba mchana."

"Unasemaje?"

"Ni saa moja na nusu asubuhi. Mhandisi amekusomea saa za huko. Fungua bahasha. Inabidi mtoke hapa alfajiri, kabla hata ya mapambazuko. Mkingoja gari la saa nne, mtapunga mikono kwa anga tupu."

Spea aliichana bahasha kwa kidole gumba. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Uso wake ulijaa aibu kwanza, halafu hasira ikaja kuifunika aibu, kama ilivyo desturi ya wanaume wengi.

"Ulikuwa unajua?"

"Nimetambua uliposema gari la saa nne."

"Na maswali yote yale ulikuwa unauliza huku unajua?"

"Ndiyo, kaka."

"Ungeondoka hivyohivyo?"

"Nilitaka kuondoka. Sikuweza."

Spea aliirudisha tiketi mfukoni. Akachukua simu kumtafuta dereva, akipiga hatua chumba kizima. Na katika hekaheka hiyo mlango wa nyuma ulifunguka, ukajibamiza. Fundi hakuwapo tena sebuleni.

"Mfuate," alisema Mama kwa utulivu, macho yakiwa kitabuni. "Amesahau tepu yake."

Tepu ilikuwa juu ya sanduku. Wakala akaichukua.

Alimkuta ukumbi wa nyuma, penye meza yake ya kukatia vitambaa na cherehani iliyofunikwa shuka. Alikuwa amesimama, mikono kifuani, na machozi yake yalikuwa ya mtu aliyekasirika.

"Nani kakutuma?" alimrukia. "Nani kakutuma useme?"

Wakala alirudi hatua moja. "Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Mimi nilijua! Tiketi ulinitumia na mimi kwenye simu, umesahau? Nilipomsikia kaka anasema saa saba, nikaangalia, nikaona. Tangu wiki iliyopita najua! Nimeketi na siri hiyo kama mtu aliyeketi juu ya yai. Nikasema, Mungu wangu, umenifungulia mlango. Sitamvunjia kaka heshima, sitabishana na mtu, ndege itaondoka yenyewe. Leo unakuja wewe, wewe! Unaufunga kwa mkono wako!"

"Sikujua kama unajua."

"Ungejua ungenyamaza?"

Wakala alifikiri. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, na macho yale yalikuwa yanamwomba aseme ndiyo.

"Hapana," alisema.

"Basi hunipendi."

"Usiseme hivyo."

"Nasema! Mwanamume anayempenda mtu hampeleki kiwanjani kwa mkono wake. Umeikata tiketi, sawa, ulilazimishwa. Leo nani alikulazimisha?"

"Fundi, nisikilize. Nikikupata kwa sababu mtu kasoma saa vibaya, kila saa nitakayoitundika ukutani kwetu itanicheka. Kaka yako akija kujua, na angejua, angesema nilimwibia. Na kweli ningekuwa nimemwibia. Mimi nilikuja na mjomba wangu, kwa mlango wa mbele. Sitaki kukuchukua dirishani."

"Dirisha ndilo nililobakiwa nalo."

"Si kweli. Una mdomo."

Aligeuka kama aliyepigwa kofi. "Mdomo! Unamjua kaka wewe? Baba alipofariki aliacha shule akauze misumari na nati barabarani ili mimi nisome. Koti lile ninaloshona kifungo kalinunua yeye. Nimwambie nini? Nianzie wapi?"

"Anzia swali la mwisho. Nilikuuliza mbele ya watu wote, ukatoa mapazia."

Alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimponyoka katikati ya machozi, kisha machozi yakakifuata. Wakala alimnyooshea tepu. Fundi akaishika ncha ya pili, na hakuna kati yao aliyeivuta. Wakasimama hivyo, tepu imewaunganisha, macho yakisema yale ambayo midomo ilikuwa imekatazwa.

"Ningejibu nini?" alinong'ona.

"Mimi ni ofisa. Ofisa hamjibii msafiri."

"Mwanangu."

Wote wawili waliiachia tepu, ikaanguka. Mama alikuwa amesimama kizingitini, ameegemea ubavu wa mlango. Wala hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Umesema Mungu alikufungulia mlango," alisema Mama. "Mimi mjane nimekaa na Mungu muda mrefu, hebu nikuambie. Mambo ambayo mtu hana uwezo nayo, mwachie. Lakini kusema 'sitaki' unao uwezo. Usimpe Mwenyezi Mungu kazi ya mdomo wako."

"Mama, kwa nini hukunisemea?"

"Nilikuwa nangoja nisikie unataka nini. Mpaka sasa nimesikia unavyolia tu." Akamtazama Wakala. "Na wewe, baba, leo ulinitia hofu pale mlangoni. Nilikuona umefungua mdomo ukaufunga, nikakuombea ukiwa umeshika kitasa. Haya, twendeni ndani. Saa hazimngoji mtu."

Sebuleni Spea alikuwa amekwisha kumpata dereva. "Saa kumi alfajiri," alikuwa anasema kwenye simu. "Usichelewe, ndugu yangu, ukichelewa nakufa." Akakata. Alipomwona Wakala anarudi ndani, ndita zikamjaa usoni. "Wewe bado upo?"

"Kaka," alisema Fundi, "hatujamaliza maswali."

"Yameisha."

"Lile la mwisho sikulijibu vizuri. Naomba niulizwe tena."

Aliketi palepale penye sanduku. Safari hii hakuwa na sindano mkononi wala koti la kujifichia. Wifi alizima pasi bila kuambiwa. Mama akarudi kwenye kiti chake, na Wakala akaketi upande wa pili.

"Uliza," alisema Fundi.

"Unakwenda kufanya nini nchini kwetu?"

"Nimeambiwa niseme matembezi. Napelekwa kuolewa."

"Wee!" Spea aliruka. "Hivyo ndivyo nilivyokufundisha?"

"Mwache ofisa afanye kazi," alisema Mama.

Wakala aliegemea sanduku. "Utakapofika huko, kitu gani kitakurudisha?"

Fundi aliweka viganja juu ya sanduku. Sauti yake ilitoka imenyooka kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi mkali.

"Swali hilo halinihusu. Asiyeondoka harudishwi." Akamgeukia kaka yake. "Kaka, mimi siendi. Nilijua saa si saba, nikanyamaza, nikataka ndege initoroke ili nisikuambie. Huyu ndiye aliyesema. Alijua akisema ananipoteza, akasema. Wewe umenilea, umenivisha, umenisomesha. Ukiniambia nisiolewe na huyu, nitakaa hapa hapa na mapazia yangu nisiolewe. Lakini usinipeleke kwa mtu nitakayeanza naye kwa kudanganya kwenye dirisha la uhamiaji. Nina mtu. Hicho ndicho nilichokosa kusema. Nina mtu."

Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Spea alisimama katikati ya sebule, simu mkononi. Alimtazama mama yake, ambaye hakumsaidia. Akamtazama Wakala.

"Baba aliniachia huyu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na mzaha. "Unaelewa? Aliniambia nimtafutie penye nafasi. Penye kivuli. Wewe unasafirisha watu kila siku, na mwenyewe hujawahi kupanda hata ndege ya karatasi. Utampa nini?"

"Sina cha kujivunia, kaka."

"Hilo naliona."

"Lakini sitamdanganya. Wala wewe."

"Hilo pia..." Spea hakulimaliza. Aliishusha simu. Akaitoa tena tiketi mfukoni, akaitazama ile saba iliyokuwa imemfanya mjinga mbele ya ukoo mzima, na watu wote wakangoja, na hata Mama akaacha kusoma. Nje jua lilikuwa limeanza kulala juu ya ukuta.

"Sijasema ndiyo," alisema hatimaye, akimnyooshea Wakala kidole. "Utakuja tena na mjomba wako, tuongee upya, na nitakuwa mgumu. Mhandisi nitampigia mwenyewe. Sijasema ndiyo."

"Nimekuelewa, kaka."

"Hii tiketi. Ulisema mwisho wa kuifuta ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Spea alitazama saa ya ukutani, kisha tiketi, kisha saa tena. Akakohoa.

"Saa kumi na mbili ya kwao," aliuliza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuungua na uji, "au ya kwetu?"

Wakala alifungua mdomo, lakini Fundi alimtangulia. Alikuwa ameinama kuiokota tepu yake iliyomfuata mpaka ndani imenasa kwenye kiatu, na aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umelowa na unawaka.

"Ya kwetu, kaka," alisema. "Ya kwetu."